Robert S. Abbott na gazeti la Chicago Defender: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huyu Abbott ni nani hasa?

Ni mwandishi, mhariri na mmiliki wa gazeti, Mmarekani Mweusi, aliyeanzisha Chicago Defender tarehe 5 Mei 1905 na akaliendesha mpaka anakufa 1940. Wengi wakisikia wamiliki wakubwa wa magazeti Marekani wanamkumbuka Pulitzer au Hearst, sawa, wale walikuwa na hela na majengo. Abbott alianza akiwa hana kitu na kabla ya miaka 15 kuisha gazeti lake lilikuwa linasomwa na familia za Weusi karibu nchi nzima, hata sehemu ambazo kukutwa nalo mkononi ni kujitafutia kipigo. Mimi naamini kabisa kwamba kipaji chake kikubwa hakikuwa kalamu, maana waandishi wazuri kumzidi walikuwepo. Kipaji chake kilikuwa kujua gazeti litapita mikononi mwa nani mpaka lifike kwa mtu.

Alizaliwa wapi, na lile jina la katikati limetoka wapi?

Kisiwa cha St. Simons, pwani ya Georgia, miaka michache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha 1865. Wazazi wake wote wawili walikuwa watumwa kabla ya hapo. Baba yake mzazi, Thomas Abbott, alifariki yeye akiwa bado mchanga, mama yake Flora akaolewa na John Sengstacke, mtoto wa Mjerumani na mama mtumwa, ambaye alikulia Ujerumani. Huyu baba wa kambo alikuwa mchungaji, mwalimu, na alikuwa na kijigazeti chake pale Woodville karibu na Savannah. Kwa hiyo Robert alikua anaona gazeti likitengenezwa nyumbani, anajua harufu ya wino toka utotoni. Sengstacke kwenye jina lake, ndiyo ile S., ni heshima kwa mzee huyo, na ukisoma habari zake utaona alimpenda kwelikweli.

Alisomea uandishi wa habari?

Hapana. Alisomea uchapaji, Hampton Institute kule Virginia, yaani kupanga herufi moja moja za madini ya risasi kwa mkono, kupaka wino, kugandamiza karatasi. Akamaliza 1896. Akiwa Hampton alikuwa pia kwenye kundi lao la waimbaji wanne, na 1893 kundi likaenda kuimba kwenye maonyesho makubwa ya dunia Chicago. Huko ndo akauona mji na akamsikia Frederick Douglass, mzee aliyetoroka utumwani akaja kuwa na gazeti lake mwenyewe. Ukiniuliza mimi lini hasa safari ilianza nitakwambia ni hiyo safari ya kwaya.

Mbona kuna sehemu wanasema alikuwa mwanasheria?

Alisoma sheria Chicago, Kent College of Law, akamaliza 1899. Lakini hakupata nafasi ya kuifanya kazi ile. Mwanasheria maarufu Mweusi wa Chicago, Edward Morris, ambaye yeye rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, alimwambia kwamba yeye ni mweusi mno, mahakamani Chicago hatafika popote. Hebu fikiria, umesoma miaka yote hiyo afu unaambiwa hivyo na mtu wa kwenu. Akajaribu na Topeka kule Kansas, hola. Akarudi Chicago kufanya kazi za uchapaji, na kwa mtu Mweusi kazi hizo zenyewe zilikuwa za kubahatisha.

Ni kweli alianza na mtaji wa senti 25?

Ndivyo alivyokuwa anasimulia mwenyewe na ndivyo inavyosimuliwa mpaka leo. Senti 25 zilienda kwenye daftari na penseli. Ofisi ilikuwa meza ya kuchezea karata na kiti cha jikoni cha kuazima, basi. Nakala za kwanza zilikuwa 300, kurasa 4, akachapiwa kwa mkopo, afu akazibeba kwapani na kuzitembeza mwenyewe mlango kwa mlango, mitaa ya State Street upande wa kusini wa mji, anaingia kwa kinyozi, anaingia baa, anaingia kanisani, anauza gazeti na hapo hapo anauliza kuna habari gani, nani ameoa, nani kafiwa, nani kaja mgeni kutoka majimbo ya Kusini. Usiku anarudi anaandika hizo hizo. Mhariri ni yeye, mwandishi ni yeye, muuzaji ni yeye, mtu wa matangazo ni yeye.

Na Chicago wakati huo ilikuwa na magazeti mengine ya Weusi, hakuwa wa kwanza wala hakuwa na nafasi ya wazi inamsubiri. Mwenye nyumba wake, Mama Henrietta Lee, alimruhusu afanyie kazi ya gazeti nyumbani kwake, akampa chakula, kodi ikichelewa akavumilia. Bila huyo mama leo tusingekuwa tunaandika habari hizi.

Gazeti la Chicago lilifikaje mpaka vijijini Mississippi, kule Kusini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Treni za abiria za Marekani zamani hizo zilikuwa na mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, na wahudumu wa mabehewa hayo, wanaotandika vitanda, kubeba mizigo, kupiga viatu rangi, karibu wote walikuwa wanaume Weusi. Treni za kwenda Kusini zilikuwa zinatokea Chicago. Sasa kuanzia 1910 Abbott alikuwa na mhariri wake wa kwanza wa kulipwa, J. Hockley Smiley, kijana mwenye akili ya biashara haswa, na hawa wawili wakatazama wale wahudumu wakaona kitu ambacho wenye magazeti wengine hawakukiona. Mtu huyu analala New Orleans leo, kesho kutwa yupo Chicago. Anajua kila stesheni na kila kinyozi kando ya reli, na mizigo ya behewa lake anaishika yeye.

Basi wakawapa mabunda. Mhudumu anachukua bunda Chicago, analificha penye mashuka na mizigo, anashuka nalo Kusini. Penye stesheni yenye polisi wakali halitolewi pale, linarushwa dirishani kabla treni haijaingia mjini na mtu tayari yupo anasubiri kando ya reli. Linaokotwa, linafunguliwa, kwa kinyozi zinaenda kadhaa, kwa mchungaji kadhaa. Wanamuziki na waigizaji waliokuwa wanazunguka na maonyesho yao nao walibeba.

Kurudi je? Mhudumu hakurudi mikono mitupu. Abiria Wazungu wakishuka wanaacha magazeti ya kwao kwenye viti, magazeti ya miji ya mbali kabisa, mhudumu anayakusanya anayapeleka kwa Smiley, na Smiley anayapekua, habari ya mtu Mweusi kuuawa na kundi kule Georgia iliyoandikwa mistari mitatu ukurasa wa ndani yeye anaitoa ukurasa wa mbele kwa herufi nyekundu. Yaani treni hiyo hiyo inapeleka gazeti na inaleta habari. Smiley alifariki 1915, mapema mno, kabla hajaona alichokipanda kimekua kiasi gani.

Na waliokuwa hawajui kusoma?

Walisomewa. Kwa kinyozi mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza, kanisani baada ya ibada vilevile. Ndo maana hesabu ya nakala haikuambii watu wangapi walifikiwa. Babu yangu mimi hakujua kusoma na sisi wajukuu tulikuwa tunamsomea gazeti barazani jioni, akisikia kitu hakimkai sawa anakuambia rudia hapo, unarudia, rudia tena, afu anaomba akae na lile gazeti usiku kucha ingawa hasomi. Nikisoma habari za wale watu wa Mississippi nawaona kabisa.

Ni Abbott aliyewaambia watu wahame Kusini?

Hapana, si yeye peke yake, na mwanzoni wala hakuwa upande huo. Mpaka karibu 1916 msimamo wake ulikuwa watu wabaki Kusini wapiganie haki zao huko huko. Kilichombadilisha ni hali. Vita vya kwanza vya dunia vilikata wahamiaji kutoka Ulaya, viwanda vya Kaskazini vikakosa mikono, machinjio ya Chicago na viwanda vya chuma vikaanza kuchukua Weusi ambao juzi tu vilikuwa vinawafukuza mlangoni. Huku Kusini mdudu anayekula vitumba vya pamba amemaliza mashamba, mtu analima kwa kugawana mavuno na kila mwaka anaambiwa bado anadaiwa, na juu ya hayo watu wananyongwa na makundi mchana kweupe bila mahakama yoyote. Abbott akaona mlango umefunguka.

Akageuza gazeti zima. Ratiba za treni, matangazo ya kazi na mshahara wake, picha ya shule nzuri ya Chicago imewekwa pembeni ya picha ya kibanda kinachoitwa shule kule Kusini, mashairi, vikatuni, habari za walioganda kwa baridi Kusini maana wapinzani walikuwa wanawatisha watu kwamba Kaskazini mtakufa na baridi. Na likataja kabisa siku, 15 Mei 1917, kwamba ndo siku ya safari kubwa ya kwenda Kaskazini. Watu wakajaa stesheni. Weusi wa Chicago walikuwa 44,103 mwaka 1910, ilipofika 1920 walikuwa 109,458. Si wote waliletwa na Defender, wengi walivutwa na barua ya shangazi au kaka aliyetangulia, ila huyo kaka mwenyewe uwezekano mkubwa alikuwa amesoma gazeti.

Kuna barua nyingi za watu wa kawaida walizoandika kwa Defender na zimehifadhiwa, zilianza kuchapishwa 1919. Mtu anaeleza anajua kazi gani, ana watoto wangapi, anaomba nauli atairudisha kidogo kidogo kwenye mshahara, anaomba jibu lisije kwenye bahasha yenye jina la gazeti. Ukisoma hata tano tu utaelewa gazeti hili lilikuwa kitu gani kwao.

Wakifika Chicago liliwasaidia?

Ndiyo, liliwaelekeza kwenye kazi na kwenye Urban League ya Chicago, chama cha kuwasaidia Weusi waliohamia mjini. Pia liliwasema sana, msipige kelele kwenye tramu, msikae vibarazani na nguo za ndani, msivae vilemba vya kazini mtaani. Mimi hapo naona alikosea, mtu ametoka shambani jana ameacha kila kitu, unaanza kumwonea aibu. Lakini hofu yake ilikuwa kwamba Wazungu wa Chicago wanatafuta kisingizio tu, na kwenye hilo hakukosea.

Wazungu wa Kusini walilichukuliaje?

Vibaya sana, maana lilikuwa linawachukulia nguvu kazi. Meridian, Mississippi, mkuu wa polisi aliagiza likamatwe. Gavana wa Arkansas, Charles Brough, aliwaomba watu wa posta walizuie. Miji mingine kukutwa nalo ni kosa. Na wakati wa vita serikali kuu nayo ililifuatilia ikihofia linachochea Weusi. Pamoja na hayo mwanzoni mwa miaka ya 1920 lilifika nakala zaidi ya 200,000 kwa wiki, na nyingi ya hizo zilikuwa zinasomwa nje ya Chicago.

1919 ilikuwaje? Nasikia gazeti lilichochea vurugu.

Tuanze na chanzo, kwa sababu wengi wanakiruka. Tarehe 27 Julai 1919 kijana wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaogelea Ziwa Michigan, akaelea mpaka upande ambao Wazungu walijifanya ni wao, Mzungu mmoja akawa anarusha mawe, kijana akazama akafa. Polisi hakumkamata mrusha mawe. Mji ukalipuka, watu 38 wakafa, Weusi 23 na Wazungu 15, waliojeruhiwa 537.

Sasa gazeti. Katika zile siku Defender lilichapisha habari ya mwanamke na mtoto wake mchanga kuuawa na kundi kwa ukatili usioelezeka, na habari ile haikuwa kweli. Hilo lilikuwa kosa kubwa na silitetei. Kwenye mji unaowaka, kichwa cha habari cha namna ile ni petroli. Magazeti ya Wazungu nayo yalichapa uzushi mwingi tu siku zile zile, lakini kosa la mwenzako halifuti lako.

Gavana Frank Lowden akaunda tume ya uchunguzi, watu 12, Weusi 6 na Wazungu 6, na Abbott akawa mmoja wao. Ripoti ilipotoka 1922 ililitaja Defender kwa uzushi ule. Yaani alikaa kwenye tume iliyolikosoa gazeti lake mwenyewe na ripoti ikatoka na jina lake ndani. Wenye magazeti wangapi wangekubali?

Kitu kingine, kwenye zile vurugu wachapaji Wazungu waliokuwa wanamchapia gazeti waligoma kulishika, ikabidi lipelekwe Gary, mji wa jirani kule Indiana, kuchapwa. Hapo akaapa hatachapiwa tena na mtu. 1921 akafungua jengo lake mwenyewe, lililokuwa sinagogi zamani, Indiana Avenue, na mtambo wake mwenyewe ndani. Kijana wa kupanga herufi za risasi Hampton sasa ana mtambo wake.

Kwa nini gazeti lilikuwa haliandiki neno la kawaida la wakati ule la kuwaita Weusi?

Neno lenyewe ni "Negro", na hakulipenda. Ukisoma nakala za zamani utakuta badala yake neno "Race", linalomaanisha asili au ukoo wetu, mwanaume wa asili yetu, mwanamke wa asili yetu. Na kauli mbiu yake ya kwanza kabisa kwenye orodha ya madai yake ilikuwa kwamba ubaguzi wa Marekani lazima uangamizwe. Hakuandika upunguzwe.

Alikuwa na kasoro gani?

Moja nimeshaisema, ile habari ya uzushi ya 1919. Ya pili ni matangazo, gazeti lilijaa matangazo ya dawa za kujichubua na kunyoosha nywele, na hili linaniuma kwa sababu ni huyu huyu aliyeambiwa rangi yake imezidi asiende mahakamani. Hela ya matangazo ndo ilikuwa inalipa karatasi, najua, lakini linaniuma. Ya tatu ni ugomvi wake na Marcus Garvey, kiongozi wa vuguvugu la Weusi kurudi Afrika, walishambuliana magazetini mpaka wakashtakiana mahakamani, nguvu nyingi zikaishia hapo.

Alitajirika?

Ndiyo, alikuwa mmoja wa mamilionea wa kwanza Weusi Marekani aliyejitengenezea mwenyewe. Alikuwa na Rolls-Royce. Nyumba yake bado ipo Chicago, barabara ambayo leo inaitwa kwa jina la Martin Luther King, na toka 1976 ni alama ya kihistoria ya taifa.

Bessie Coleman anahusikaje hapa?

Bessie alikuwa anafanya kazi ya kupaka kucha kwenye saluni ya kinyozi Chicago na alitaka kurusha ndege. Shule za Marekani zote zilimkataa. Abbott akamwambia aende Ufaransa, jifunze Kifaransa kwanza afu nenda. Akaenda, na 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa ya urubani, mwanamke wa kwanza Mweusi Mmarekani kuipata. Aliporudi Defender likamwandika kila aliporuka.

Na lile gwaride la watoto?

Linaitwa Bud Billiken. Lilitokana na ukurasa wa watoto ulioanza 1923, Bud Billiken ni jina tu la kubuni la mhariri wa watoto. Gwaride lenyewe lilianza 1929 na mpaka leo kila Agosti kabla shule hazijafunguliwa linapita upande wa kusini wa Chicago, bendi, wacheza dansi, watoto wenye mabegi mapya.

Alikufa lini, na nani alishika gazeti?

Alifariki 29 Februari 1940 kwa ugonjwa wa figo. Miaka ya mwisho ilikuwa migumu, mdororo wa uchumi ulilipiga gazeti sana, jarida lake la kila mwezi alilolianzisha 1930 lilifungwa 1933, na ilibidi aingize hela zake mwenyewe kulinusuru Defender. Hakuacha mtoto. Aliyeshika ni mtoto wa ndugu yake, John Sengstacke, jina moja na yule baba wa kambo, kijana wa miaka 27, ambaye siku zile zile alikuwa amewaita Chicago wenye magazeti ya Weusi kutoka nchi nzima kuunda umoja wao, na umoja huo upo hadi leo. Chini yake ndo mshairi Langston Hughes aliandika safu yake kuanzia 1942, na 1956 gazeti likaanza kutoka kila siku.

Linachapwa bado?

Hapana, toleo la karatasi lilisimama Julai 2019, sasa lipo kwenye intaneti tu.

Yule mama mwenye nyumba, Henrietta Lee, aliishia wapi?

Abbott hakumsahau. 1918, gazeti lilipokuwa limesimama, alimnunulia nyumba ya matofali ya vyumba vinane.